Mume Wangu Katoka Bukoba, na Ana Homa

Kuna maneno mke hapendi kuyasikia kutoka kwa dada wa kazi Jumamosi asubuhi. "Mama, samahani, kwani baba anaumwa?" ni mojawapo.

Nilikuwa jikoni nakunywa chai, gauni la kulalia bado mwilini. Nikamjibu hapana, baba mzima, kwani vipi? Dada akafungua kiganja. Mlikuwa na karatasi mbili za Panadol, zote tupu. Kazikuta kwenye mfuko wa suruali alipokuwa anafua. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuonekana mmbeya, kwamba shuka la kwenye kochi lilikuwa limelowa jasho chepechepe, na hiyo ni siku ya pili.

Ilikuwa tarehe 25 Machi 2023. Jumanne ya wiki hiyo, tarehe 21, aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ule ugonjwa usiojulikana uliokuwa unaua watu Bukoba Vijijini umejulikana: ni Marburg. Na mume wangu alikuwa ameshuka kwenye basi la Bukoba Jumapili usiku, tarehe 19.

Chai ilinipalia.

KOCHI, MPIRA NA UONGO MDOGO MDOGO

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Kwao ni Muleba, ila sisi watu wa Dar mtu yeyote wa Kagera tunamwita wa Bukoba na habari inaishia hapo. Mapema Machi alifiwa na baba yake mdogo. Akaenda kuzika, akakaa wiki nzima na ndugu, akarudi na ndoo ndogo ya senene na mfuko wa kahawa za kutafuna. Tulipokeana vizuri. Mtoto alimrukia shingoni pale pale getini.

Jumanne taarifa ya habari ilipotangaza Marburg, tulitazamana tu. Yeye akasema, "Huko ni Bukoba Vijijini, siyo kwetu." Mimi nikasema, "Ndiyo, siyo kwenu." Kisha tukabadilisha chaneli. Haya ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote kuhusu jambo hilo. Watu wawili wenye digrii zao!

Alhamisi usiku akaniambia anabaki sebuleni kuangalia England wakicheza na Italia. Ijumaa Taifa Stars walikuwa wanacheza na Uganda kule Misri, kwa hiyo nayo niliielewa. Lakini mechi huisha, bwana, na mtu hurudi chumbani. Huyu hakurudi. Asubuhi namkuta kochini amejifunika hadi masikioni, na Dar joto lote lile la Machi.

Msomaji wangu, unajua nilifikiria nini? Nilifikiria ana mtu. Mimi ambaye kila mwezi nawaandikia hapa namna ya kuongea na mwenzi wako, nilianza kupekua simu ya mume wangu nikitafuta jina la mwanamke. Homa haikunijia akilini hata sekunde moja. Wivu una haraka kuliko akili.

Basi Jumamosi ile nikaenda sebuleni na zile karatasi za Panadol mkononi. Nikasimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane, mume wangu ni mgonjwa na mimi sikumsogelea. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni malaria tu, mke wangu. Sikutaka uogope."

"Marehemu ulimgusa?"

Alikuwa ameniambia kwamba alifika msibani mambo yote yameshakamilika. Sasa akawa anatazama zulia. "Nilimwosha. Mimi na kaka."

Baba mdogo alikuwa ameugua siku mbili tu akafariki. Familia ilisema presha, kiharusi. Huenda kweli. Lakini Jumamosi ile, "ameugua siku mbili akafariki" yalikuwa maneno mengine kabisa masikioni mwangu.

Nikafoka. Naye akaniuliza, kwa upole uliouma kuliko kelele, "Na senene zangu ziko wapi?"

Senene nilikuwa nimezitupa Jumatano alfajiri kabla hajaamka, nikamwambia zimeharibika. Hazikuwa zimeharibika. Niliogopa tu kitu chochote kilichotoka kule. Senene hawaambukizi Marburg, na hata siku ile kama ningejiuliza mara mbili ningejua. Kwa hiyo tulikuwa wawili tunaodanganyana, kila mmoja akijiambia kwamba anamlinda mwenzake.

UGONJWA UNAOFUATA UPENDO

Marburg ni jina la mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara walianza kuugua huko Marburg, Frankfurt na Belgrade kwa wakati mmoja, baada ya kushughulika na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Watu 31 waliugua, 7 wakafa. Virusi vyenyewe ni ndugu wa Ebola, na makazi yake yanayojulikana ni popo wala matunda wanaoishi mapangoni na migodini. Katika milipuko iliyopita, vifo vimekuwa kati ya asilimia 24 na 88 ya wagonjwa, kutegemea walihudumiwa vipi na mapema kiasi gani. Chanjo iliyoidhinishwa hakuna, wala dawa mahsusi.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Marburg hairuki hewani kama mafua. Mtu asiye na dalili hakuambukizi. Inapita kwenye damu, matapishi, jasho, mate, haja na majimaji mengine ya mwili, na mwili wa aliyekufa nao unaambukiza. Maana yake ni kwamba aliyekaa kiti cha pili kwenye basi hana hatari kubwa. Mwenye hatari ni anayefuta jasho, anayefua shuka, anayeshika ndoo mtu anapotapika, anayelala kifuani, anayeosha maiti. Yaani ni wewe unayempenda.

Ukitazama kilichotokea Kagera mwaka ule, ndivyo kilivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, Ziwa Victoria, akaugua baada ya kurudi kijijini. (Goziba ni wilaya ya Muleba, kwa hiyo "siyo kwetu" ya mume wangu nayo ilikuwa na walakini.) Waliofuata walikuwa ndugu zake wa karibu, pamoja na wahudumu wa afya wawili. Siku waziri alipotangaza, wagonjwa walikuwa 8, kati yao 5 wameshafariki, na watu 161 waliokuwa wamekaribiana nao wanafuatiliwa. Hawakuambukizwa kwa uzembe wa kwenda disko. Waliambukizwa kwa kuuguza.

SIMU MOJA

Nilipiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Nilitegemea kuzungushwa. Kumbe aliyepokea alikuwa na maswali yake sawasawa: ametoka wapi, lini, homa imeanza siku gani, amemgusa mgonjwa au maiti, nani wanaishi naye. Kwenye swali la maiti nilimtazama mume wangu, naye akatikisa kichwa: sema. Nikasema.

Tukaelekezwa hospitali ya kwenda, na kwamba tupige simu kabla hatujafika ili asipitie mapokezi na kukaa benchi moja na akina mama wenye watoto. Asipande daladala wala bodaboda. Tukatumia gari letu, vioo vimeshushwa vyote, yeye kiti cha nyuma, mimi kwenye usukani. Kutoka nyumbani mpaka huko hatukusema neno. Kwenye foleni nilimwona kwenye kioo amefunga macho, midomo inatikisika. Alikuwa anasali.

Walimpokea mlango wa pembeni, watu waliovaa kinga kuanzia kichwani hadi miguuni. Mlango ukafungwa. Nilibaki uani na mkoba wake.

Baada ya saa moja hivi wakaniambia kipimo cha malaria kimesoma. Nikataka kuruka kwa furaha, daktari akanituliza. Malaria haimzuii mtu kuwa na kitu kingine, akasema, na siku za mwanzo magonjwa haya yanafanana: homa ya ghafla, kichwa, mwili kuuma, uchovu. Ndiyo maana watu wanameza dawa nyumbani wakisubiri. Kwa hiyo mseto ataanza, lakini damu nyingine inakwenda maabara na yeye anabaki pale, chumba cha peke yake, hadi majibu yarudi.

Usiku wa kwanza tuliongea kwa simu hadi salio likaisha. Tuliongea vitu ambavyo hatukuwa tumeviongea kwa miaka. Akaniambia alificha si kwa sababu ya Marburg tu. Alikuwa mtoto Kagera ile iliyozika watu kila wiki.

Wenye umri wetu mnajua kwa juu juu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Watu wakauita Juliana, jina la kitambaa cha mashati kilichokuwa kinaingia kutoka Uganda. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kujitambulisha kwamba unatoka Bukoba kulileta kicheko cha aina fulani, na mtu kukutazama upya kutoka juu hadi chini. Mume wangu alikulia ndani ya kicheko hicho. "Nilijua nikisema nina homa," akaniambia, "kila mtu atasema, si tulisema."

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetupa senene.

ALIYESAHAULIKA

Nilirudi nyumbani saa nne usiku. Mtoto amelala. Dada alikuwa amekaa kwenye ngazi za mbele, begi lake pembeni limefungwa.

Nikamwuliza unakwenda wapi usiku huu? Akasema haendi popote, anasubiri tu aambiwe. Kisha akasema jambo ambalo nalisikia mpaka leo: "Mama, mngeniambia tu. Mimi ndiye ninayefua."

Fikiria hapo. Mimi na mume wangu tulikuwa tunabishana nani kamficha nani, na hakuna hata mmoja wetu aliyemkumbuka mtu aliyeshika lile shuka lenye jasho kwa mikono mitupu, siku mbili mfululizo, na baadaye akamwogesha mtoto wetu. Kama ingekuwa Marburg, wa kwanza kuambukizwa ndani ya nyumba ile asingekuwa mimi mke. Angekuwa yeye, binti wa miaka ishirini na moja, na huko kwao wangepokea simu tu.

Watu wa tabaka letu tuna tabia moja mbaya. Tunaongelea familia tukiwa na maana ya mimi, wewe na watoto. Tulifanya hivyo hivyo wakati wa korona mwaka 2020: ndoo ya maji tiririka getini, vitakasa mikono kwenye mkoba, nyungu jioni, malimao na tangawizi jikoni, na dada anatumwa sokoni kila asubuhi bila barakoa. Mwaka ule hata takwimu za taifa zilisimama kutolewa mwezi Mei, zikakaa zaidi ya mwaka bila kuendelea. Tulilalamika sana kuhusu ukimya huo, tukiwa sebuleni kwetu, tukiongea Kiingereza ili dada asisikie.

Nilimwomba radhi. Nikampa namba ya 199 na namba ya yule daktari, nikamweleza yote niliyoambiwa, pamoja na kwamba akitaka kwenda kwa shangazi yake Mbagala nitaelewa na mshahara utakuwa pale pale. Akafikiri. Akasema akiondoka na yeye akaanza homa kule, si atakuwa ameipeleka kwa watoto wa shangazi? Akabaki. Yaani yeye, ambaye hakuna mtu aliyempa semina yoyote, ndiye aliyewaza kama mtaalamu.

Jumatatu nilimpigia bosi nikamwambia ukweli kwamba sitafika mpaka majibu yatoke. Alinielewa. Nilipokuja kurudi ofisini mwenzangu mmoja alisogeza kiti chake kama hatua tatu hivi. Sikumlaumu sana, ingawa nilimkumbuka.

KITANDA

Majibu yalitoka baada ya siku mbili. Hana. Ilikuwa malaria, ile ile ya siku zote ambayo nayo inaua kila siku bila mkutano wa waandishi wa habari. Lakini daktari akashauri tuendelee kumpima joto asubuhi na jioni hadi siku 21 ziishe, kwa sababu virusi vya Marburg vinaweza kukaa mwilini kati ya siku 2 na 21 kabla ya dalili kujitokeza. Sisi tulihesabu tangu alipoingia getini. Siku ya 21 ikaangukia tarehe 9 Aprili, Jumapili ya Pasaka.

Mpaka siku hiyo alilala chumba cha mtoto, mtoto akahamia kwangu. Najua mnataka kuuliza, kwa hiyo nasema: hapana, hakuna kilichofanyika. Na ajabu yake, zilikuwa wiki nzuri. Tuliongea mlango ukiwa wazi, kila mtu kitandani kwake, kama wanafunzi wa bweni. Nilimwambia hata habari ya kupekua simu. Alicheka mpaka akakohoa, na akikohoa mimi nashtuka.

Hapo kwenye kitanda kuna jambo moja ambalo magazeti mengi huliruka, na gazeti letu haliwezi kuliruka. Mwanaume aliyeugua Marburg akapona anaweza kubaki na virusi kwenye shahawa kwa muda mrefu, hata kama mwenyewe anajisikia mzima na ameshaanza kwenda kazini. Kule Ujerumani mwaka 1967 mwanamke mmoja aliaminika kuambukizwa na mumewe kwa tendo la ndoa baada ya mume kupona. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanaume aliyepona atumie kondomu, au aache kabisa, kwa miezi 12 tangu dalili zilipoanza, au mpaka shahawa zipimwe mara mbili na kuonekana salama. Mwaka mzima wa kondomu ndani ya ndoa. Wangapi tungeweza kulianzisha hilo bila mtu kuuliza, "kwani humu ndani kuna nini?" Mazungumzo hayo ni magumu kuyaanza siku ya kutoka hospitali kama hamjawahi kuongea kitu chochote kigumu kabla.

Kagera walishinda. Tarehe 2 Juni 2023 ilitangazwa kwamba mlipuko umekwisha, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani zile 21 mara mbili. Wagonjwa kwa jumla 9, mmoja akihesabiwa kwa dalili bila kupimwa, na vifo 6. Sidhani kama hesabu hii ndogo ilikuja kwa bahati. Kuna watu walizunguka nyumba kwa nyumba na kipimajoto, kila siku, wakiwapima wale wote walioshika, waliouguza, waliozika. Na kuna familia zilizokubali kutaja majina. Kumbuka hapo mimi nilishindwa kumtajia dada yangu wa kazi jina la ugonjwa.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Rwanda. Mlipuko wao ulitangazwa Septemba 2024, wengi wa walioambukizwa wakiwa wahudumu wa hospitali. Wagonjwa 66, vifo 15. Kwa Marburg, hiyo ni idadi ndogo sana ya vifo, na tofauti ilikuwa kumpata mtu mapema, kumwekea maji, kusaidia viungo vyake vifanye kazi wakati mwili unapigana. Biharamulo ilikuwa kinyume chake. Katikati ya Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilisema kuna washukiwa, wizara ikasema sampuli hazina kitu, na tarehe 20 Rais Samia akatangaza kwamba mmoja amethibitika. Mlipuko ulipofungwa tarehe 13 Machi hesabu ilikuwa watu 10: wawili waliothibitishwa na wanane waliohesabiwa kwa dalili na mawasiliano. Wote 10 walikufa. Wengi wa hawa walikuwa wameshazikwa kabla ugonjwa haujapewa jina.

Nyumbani kwetu hatuna mpango wa maandishi, tusidanganyane. Tuna kipimajoto kwenye droo ya jikoni, si chumbani kwetu, ili kila mtu akifikie. Tuna glavu pakiti moja. Na tuna makubaliano kwamba anayetoka safari anasema kabla hajaulizwa: nimetoka wapi, nimemgusa nani, najisikiaje. Dada naye anasema akitoka kwao, na anaambiwa yote tunayoambiana. Mwanzoni ilikuwa kama mahojiano ya polisi, sasa tumezoea.

Januari ile ya Biharamulo mume wangu alikuwa Mwanza kikazi. Alirudi usiku. Nilisikia gari, nikatoka na kanga yangu, nikakuta nimechelewa. Dada alikuwa ameshasimama ndani ya geti, kipimajoto mkononi, na mwenye nyumba amesimama nje na begi lake anasubiri ruhusa.

"Sijafika Biharamulo, sijazika mtu, sina homa," mume wangu alikuwa anasema. "Nina njaa tu."

Dada akampima paji la uso, akasogeza kile kipimajoto kwenye mwanga wa taa asome vizuri.

"Thelathini na sita nukta saba," akasema. "Karibu, baba. Ndoo ya nini hiyo?"

Ilikuwa ya senene.